Bei ya Kitu Mombasa Huhesabiwa kwa Miaka

Ushauri mwingi wa kubana matumizi ya nyumba unaosambazwa mitandaoni umeandikwa na watu wanaoishi mahali ambapo hewa haina chumvi. Humwambia msomaji alinganishe bei za maduka kadhaa, asubiri msimu wa punguzo, kisha achukue kile cha bei ya chini. Ushauri huo si mbaya, lakini hapa Mombasa haufiki mbali, kwa sababu hewa ya bahari huingia katika kila chumba na kula bawaba, misumari, mabati, mifereji ya maji na hata nondo zilizofichwa ndani ya zege. Baada ya miaka mingi ya kupanga nyumba, na sasa ya kuitunza nyumba ya familia yetu Majengo, nimeshikilia msimamo mmoja katika kila ununuzi na kila ukarabati: kabla ya kuuliza kitu kinauzwa pesa ngapi, nauliza kitadumu miaka mingapi katika hewa hii, kisha naigawanya bei kwa miaka hiyo.

Chukua bawaba ya mlango wa nje. Tuseme bawaba ya chuma cha kawaida inauzwa shilingi 100 na ile ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu inauzwa shilingi 400. Ukiwa Eldoret huenda ya shilingi 100 ikamaliza miaka kumi bila tatizo. Ukiwa Kizingo, Nyali au popote karibu na ufuo, itaanza kulia baada ya miezi michache, kutu itashuka ukutani na kuchafua rangi, na siku ya kuiondoa skrubu zitakatika ndani ya mbao, hivyo fundi atalazimika kuchimba fremu na kuijaza upya. Gharama ya kweli ya bawaba hiyo ni bei yake, bei ya fundi, bei ya rangi na mara nyingine bei ya fremu. Hesabu ya namna hii ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kuanzia kodi hadi friji, nikizungumzia zaidi yale yanayokula pesa nyingi.

Nianze na kodi, maana kwa wengi wetu ndiyo fungu kubwa kuliko yote. Mpangaji anapotafuta nyumba huangalia kodi na kusahau vitu vitatu vinavyoambatana nayo kila mwezi: maji, nauli na umeme. Maji ya mji huu husafirishwa kutoka mbali, chemchemi za Mzima katika Tsavo Magharibi na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki vikiwa miongoni mwa vyanzo vyake, na mitaa mingi hupata maji kwa zamu. Pale ambapo mfereji haufiki au hautoi, watu hutumia kisima chenye maji ya chumvi kwa kufulia na kuosha vyombo, kisha hununua maji matamu ya kunywa na kupikia kwa mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni. Fikiria nyumba mbili. Ya kwanza kodi yake ni shilingi 12,000 na maji yake ni ya uhakika. Ya pili kodi yake ni shilingi 9,500, lakini familia inanunua mitungi mitano kwa siku kwa shilingi 20 kila mmoja, jambo ambalo ni shilingi 3,000 kwa mwezi, na nauli ya kwenda kazini inazidi ile ya nyumba ya kwanza kwa shilingi 60 kwa siku, ambazo kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,560. Nyumba ya pili imekuwa ya shilingi 14,060, na bado hatujahesabu muda unaopotea njiani.

Kwa sababu hiyo, ninapokwenda kuona nyumba siendi mchana wa Jumapili peke yake, wakati dalali amepanga kila kitu. Narudi jioni ya siku ya kazi, nafungua mfereji, nawauliza majirani maji hutoka siku gani na tangi la pamoja hujazwa na nani. Nauliza madirisha yanaelekea wapi, kwa kuwa nyumba inayopata upepo wa kusi upande mmoja na kuutoa upande wa pili haihitaji feni usiku kucha, ilhali chumba cha juu kabisa chini ya sakafu ya zege isiyo na paa hubaki na joto hadi usiku wa manane. Wanaotazama upande wa Likoni wakumbuke kwamba abiria wa miguu hawalipi kitu kwenye feri, lakini gari hulipa, na foleni ya asubuhi nayo ina gharama yake. Likoni ina kodi nafuu na nimeona watu wakifaidika sana huko, hasa wale ambao kazi yao iko upande huo huo au kisiwani karibu na kivuko. Kwa anayefanya kazi Changamwe au Bamburi, unafuu huo huisha kwenye nauli.

Mambo ya amana yanahitaji uangalifu wa pekee. Kwa kawaida mwenye nyumba huchukua amana ya kodi ya mwezi mmoja, na amana hiyo ndiyo pesa inayopotea kwa urahisi kuliko zote, kwa kuwa inadaiwa wakati ambapo mpangaji tayari amehama na ana haraka ya kulipa mahali pengine. Niliwahi kupanga kwa mwenye nyumba aliyetaka kuizuia amana yangu yote kwa madai kwamba nimeharibu rangi ya sebule. Nilikuwa na picha za ukuta ule nilizopiga siku nilipopewa funguo, zikionyesha madoa ya unyevu yaliyokuwepo kabla yangu, na nilikuwa nimempelekea siku hiyo hiyo kwa simu, hivyo tarehe ilikuwa imeandikwa. Amana ilirudi. Piga picha kila kona: chini ya sinki, nyuma ya choo, dari, vioo vya madirisha, mita ya umeme na tarakimu zake. Lipa kodi kwa njia inayoacha kumbukumbu, na ukilipa taslimu udai risiti hata kama mwenye nyumba ni mtu wa heshima mnayeswali msikiti mmoja. Kwa wanaoishi katika vyumba vya kodi ndogo kabisa, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ina baraza lake la kusikiliza migogoro ya nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa vizuri huko.

Mpangaji pia asitie pesa yake katika vitu vitakavyobaki kwa mwenye nyumba bila makubaliano ya maandishi. Ukitaka kubadilisha sinki iliyopasuka au kuweka wavu wa mbu kwenye madirisha yote, andika kwamba gharama itakatwa katika kodi ya mwezi fulani, na muitie saini wote wawili.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo watu wa bara hulishangaa, nalo ni nyumba bila ardhi. Familia nyingi za Majengo, Kisauni na Likoni zinamiliki kuta na paa, huku kiwanja kikiwa cha mtu mwingine anayelipwa kodi ya ardhi kila mwezi. Ni desturi ya zamani ya pwani, na imewapa watu wa kipato kidogo makao ndani ya mji kwa vizazi kadhaa. Lakini inabadilisha kabisa hesabu ya ukarabati. Benki haikukopeshi kwa dhamana ya nyumba ambayo huna hati ya ardhi yake, na wenye ardhi wengi hawapendi kuona udongo na fito vikigeuzwa kuwa matofali, kwa sababu nyumba ya kudumu ni ngumu kuiondoa. Msimamo wangu ni kwamba katika nyumba ya namna hii utumie pesa kwa vile vinavyoweza kuhama nawe au vinavyolinda kilichopo, yaani mabati mazuri, tangi la maji, milango, madirisha, nyaya za umeme na choo safi. Kabla ya kuinua ukuta mpya, pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Hifadhi risiti zote za kodi ya ardhi mahali pakavu, pamoja na zile za wazazi wako, maana ndizo ushahidi wa kwanza utakaohitajika siku kiwanja kikiuzwa au mwenyewe akifariki na warithi wake wakaja na maneno mapya.

Anayenunua ardhi au nyumba yenye hati naye asifanye haraka. Ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huulipa hati inapohamishiwa jina lake, ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya mji na asilimia 2 mashambani, na ukijumlisha wakili na upekuzi wa hati, yaani kuthibitisha katika ofisi ya ardhi mwenye hati ni nani, unapata kiasi ambacho wanunuzi wengi hawakukiweka kando. Upekuzi wa hati kabla ya kulipa chochote ndio sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika shughuli hiyo, na ndio unaorukwa mara nyingi.

Sasa nije kwenye kuta, kwa kuwa huko ndiko nimeona pesa nyingi za watu wa kisiwani zikimwagika bila faida. Shangazi yangu anaishi Mji wa Kale katika nyumba ya mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, yenye dari za boriti, na kila baada ya masika sebule yake ilikuwa inavimba. Rangi iliinuka, chini yake pakawa na unga mweupe, kisha vipande vikaanguka hadi kimo cha kiuno. Alikuwa ameshapigiwa plasta ya saruji zaidi ya mara moja, na kila mara fundi aliyefuata aliongeza saruji akidhani iliyotangulia ilikuwa nyepesi. Hatimaye alikuja fundi mzee, mtu aliyejifunza kazi kwa baba yake, akaugonga ukuta kwa vidole kutoka chini kwenda juu akisikiliza mlio, akaonja ule unga mweupe kwa ncha ya ulimi, akasema, “Mama, ukuta huu hauna ugonjwa wa rangi, una ugonjwa wa maji. Na hii saruji imemziba mdomo.”

Alichokisema kina maelezo ya kitaalamu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na maji hayo yamebeba chumvi. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, hivyo unyevu hutoka polepole na kukauka hewani. Plasta ya saruji ni ngumu na nzito, haipitishi unyevu kwa urahisi, kwa hiyo maji hupanda juu zaidi yakitafuta njia, na chumvi inapokauka na kuwa fuwele nyuma ya plasta huisukuma mpaka ivimbe na kuanguka, mara nyingi ikiondoka na uso wa jiwe lenyewe. Kila saruji inayoongezwa hupandisha tatizo ngazi moja.

Mzee yule hakuanza na plasta. Kwanza alitoka nje akakuta udongo na takataka za ujenzi zimerundikana kwenye ukuta wa uchochoroni kupita kiwango cha sakafu ya ndani, na bomba la kutolea maji ya bafuni likivuja palepale. Akaamuru udongo uondolewe na bomba lirekebishwe, kisha akabandua saruji yote ya ndani na kuuacha ukuta uchi kwa wiki kadhaa za kaskazi ukauke, huku shangazi akiufagia ule unga mweupe kwa brashi kavu na kuutoa nje, maana ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Baadaye akapiga plasta ya chokaa iliyokuwa imezimwa na kulala majini kwa muda wa kutosha, kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka akalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke kwa haraka na kupasuka. Mwisho alipaka chokaa badala ya rangi ya mafuta. Kazi ilichukua muda mrefu kuliko ya saruji na ujira wake ulikuwa juu zaidi, lakini masika mengine yamekuja na kupita na ukuta ule umebaki mkavu, na vifaa vyenyewe, chokaa na mchanga, viligharimu kidogo kuliko mifuko ya saruji ya miaka iliyopita. Kwa wenye nyumba za Mji wa Kale nakumbusha kwamba eneo lile linalindwa kisheria, na mabadiliko ya sura ya nje, milango na roshani yanahitaji idhini kabla ya kuanza. Kuanza bila idhini ni kujitafutia gharama ya kubomoa.

Dari za boriti nazo zinahukumiwa haraka mno. Boriti ya mkoko iliyobaki kavu hudumu muda mrefu sana, na mara nyingi inayooza ni ile iliyo chini ya choo au chini ya paa linalovuja. Fundi anayejua kazi hubadilisha boriti moja moja na kuziacha nzima zilizobaki. Anayesema dari yote ivunjwe na kumwagwa zege aulizwe kama kuta za zamani zitaubeba uzito huo, na aulizwe mbele ya fundi mwingine.

Nyumba za matofali na zege zina ugonjwa wao. Ukiona ufa mrefu ulionyooka chini ya sakafu ya zege au kwenye nguzo, na kando yake rangi ya kutu, ujue nondo iliyo ndani imeanza kuvimba kwa kutu na inaipasua zege kutoka ndani. Sababu kubwa kwetu ni chumvi, ile inayotoka hewani na ile tuliyoitia wenyewe kwa kuchanganya zege na mchanga wa pwani au maji ya kisima cha chumvi kwa kuwa vilikuwa karibu na vya bure. Kuupaka ufa huo saruji juujuu kunauficha kwa msimu mmoja tu. Inabidi zege iliyolegea ivunjwe mpaka nondo ionekane yote, kutu isuguliwe mpaka chuma king'ae, nondo iliyoliwa sana iongezewe nyingine, kisha pajazwe upya. Kwa anayejenga sasa, nunua maji matamu ya kuchanganyia zege yenye nondo, hata ikibidi kuita gari la maji, na udai mchanga wa mtoni. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya gharama ya jengo, na kuibana hapo ndipo mtu anapouza nyumba yake mwenyewe kwa bei ya lori moja la mchanga.

Kwenye mabati kuna udanganyifu mmoja ambao kila mtu anapaswa kuujua: namba ya geji, yaani kipimo cha unene, inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Nimesimama dukani nikamsikia mteja akiuziwa geji 32 kwa maelezo kwamba ndiyo namba kubwa zaidi, naye akafurahi kwamba bei ni ya chini. Karibu na bahari bati jembamba hutoboka mapema, na linaanzia kwenye matundu ya misumari. Kwa hiyo nunua misumari ya paa yenye vifuniko vya mpira, na usimruhusu fundi achanganye misumari ya kawaida pale inapomwishia jioni. Kazi ya paa ifanywe mwezi wa Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kabla ya masika ya Aprili na Mei. Ukingoja tone la kwanza, utamkuta fundi wako kwenye paa la mtu mwingine. Vivyo hivyo kwa mafundi wa rangi katika siku za kuelekea Idi, ambapo kila nyumba inataka kung'aa kwa pamoja na ujira hupanda.

Kuhusu mafundi kwa jumla, nina desturi chache ambazo zimenisaidia. Kazi yenye mipaka inayojulikana, kama kupiga plasta chumba au kuweka vigae, napatana kwa kazi nzima. Kazi isiyoonekana mwisho wake, kama kutafuta bomba linalovuja chini ya sakafu, nalipa kwa siku na nakuwepo mwenyewe. Vifaa nanunua mwenyewe baada ya fundi kuniandikia orodha, na orodha hiyo naipeleka kwenye duka la pili kabla ya kununua kwenye la kwanza. Malipo nayagawa kwa hatua, na fungu la mwisho hutoka baada ya maji kupita bombani au mvua moja kunyesha juu ya paa. Lakini fundi mzuri simpunguzii bei hadi achukie. Mtu aliyepunjwa hulipiza kwa saruji, na wewe utaigundua akiwa ameshaondoka. Nampa chai, namlipa siku tuliyopatana, na matokeo yake ni kwamba nikimpigia simu usiku kwa sababu bomba limepasuka, huja.

Matengenezo madogo ninayafanya mwenyewe. Mfereji unaodondoka mara nyingi unahitaji kipande cha mpira cha shilingi chache na spana, na choo kinachovujisha maji ndani kwa ndani hugunduliwa kwa kutia rangi ya chakula kwenye tangi lake na kutazama kama rangi inashuka kwenye bakuli bila mtu kuvuta maji. Katika nyumba inayonunua maji kwa mtungi, choo kama hicho kinakunywa mitungi kadhaa kila siku bila mtu kujua.

Vitu vya ndani vifuate hesabu ile ile. Kabati na vitanda vya mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, ambavyo dukani vinapendeza sana, huvimba miguu mara tu vinapopata unyevu wa masika au maji ya kudekia, na havirudi tena. Kwa bei hiyo hiyo, au chini yake, seremala atakutengenezea kitanda cha mwarobaini, mti ambao mchwa na bungua hawaupendi na ambao tunao wa kutosha pwani. Hakikisha tu kwamba mbao zimekauka vizuri, kwa kuwa mbao mbichi itapinda. Samani kuukuu za mbao ngumu zinazouzwa na familia zinazohama ni akiba nzuri kuliko mpya za bei rahisi. Pindua kiti, tazama viungo, gonga miguu, chunguza vitundu vya wadudu na unga chini yake.

Friji la mtumba ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu bei yake ya dukani ni sehemu tu ya bei yake. Mpira wa mlango uliochoka huingiza hewa ya joto na unyevu, mashine hufanya kazi bila kupumzika, na tofauti unailipa wewe kwenye mita ya umeme. Weka karatasi katikati ya mlango na mwili wa friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila upinzani, mpira umekwisha. Tazama pia kutu ya chini na ya nyuma. Friji jipya au la mtumba lipewe kifaa cha kulilinda umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu.

Umeme wenyewe una hesabu ambayo wengi hawaifuatilii. Tangu Aprili 2023 bei ya yuniti kwa matumizi ya nyumbani imegawanywa kwa makundi: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wanaozidi hapo hadi 100, na wanaozidi 100, na kundi lako huamuliwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kununua tokeni kidogo kidogo hakukupunguzii kitu. Kinachopunguza ni kubaki chini ya mpaka wa kundi la bei nafuu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 6 kila siku hula karibu yuniti 11 kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 9 haifiki 2. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 10 kila usiku hula yuniti 21. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi mfululizo saa 8 kila usiku hufika yuniti 240, na peke yake kimeshakuvusha kwenye kundi la juu. Ndiyo maana napendelea kutumia pesa kwenye dirisha la pili, wavu mzuri wa mbu na feni ya dari, na nguo napiga pasi mara moja kwa wiki pasi ikiwa imeshapata moto.

Jambo la mwisho ni kununua kwa pamoja. Anayenunua makaa kwa kopo, mafuta kwa kipimo kidogo na sabuni kwa kipande hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko mwenye gunia, na si kwa sababu hajui hesabu, ni kwa sababu hana pesa ya gunia siku hiyo. Hapa chama cha akina mama au cha vijana wa mtaa kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko kupeana fedha kwa zamu. Katika uchochoro wetu tunachanga na kununua mchele, sukari na sabuni kwa jumla katika masoko ya Kongowea na Marikiti kabla ya Ramadhani, tukagawana kwa mizani mbele ya wote. Mtungi wa gesi wa kilo 13 tunamsaidia mwenzetu kuununua kwa mkopo wa chama, kwa kuwa ukigawanya bei ya kujaza kwa kilo, mara nyingi unakuwa nafuu kuliko ule wa kilo 6. Na tumenunua ngazi moja ndefu, toroli, drili na spana kubwa ya bomba, vyote vikiwa katika daftari la mweka hazina, na anayeazima huvirudisha vikiwa vimepanguswa na kupakwa mafuta, kwa ajili ya chumvi.